Kasha la zamani ndani ya nyumba ndogo: kulichagua, kulitunza na kulipatia kazi

Ninakaa kwenye maghorofa ya Michenzani, mjini Unguja, na aliyewahi kuingia nyumba zile anajua kwamba pambo la kukaa bure halina pahala. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuanza kukusanya makasha, mabweta (visanduku vidogo) na vijaluba (vikebe vidogo vya madini) vya zamani haugusi shaba wala nakshi. Kabla hujatoa pesa, jua kitu hicho utakiweka wapi na kitabeba nini. Kasha linalofunguliwa mara kwa mara hupata hewa, bawaba zake hazigandi, na wadudu wakianza kulila unawagundua mapema. Lile linalotandikwa kitambaa na kupandishiwa maua ya plastiki, utaligusa siku moja kidole kikapenya. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na masika hayana huruma na mbao.

Mimi ni mshonaji. Kasha langu la njumu, yaani lenye misumari ya shaba ya mapambo, lina kanga zangu na vitambaa vya wateja. Bweta la mti wa kafuri lina nyaraka. Vijaluba vina sindano, ndoana na vifungo vya lulu. Hakuna kilicho kitupu. Nikiona kitu kizuri dukani na nikakosa cha kukitia, nakisifu kisha naondoka.

Utakutana na nini

Kasha kubwa la njumu ndilo kila mtu analitaka. Wageni huliita kasha la Zanzibar, lakini mengi ya zamani yalitengenezwa India, pande za Gujarat na Malabar, yakafika huku na vyombo vya msimu wa kaskazi, hasa karne ya 19. Makasha ya namna hiyo yalikwenda Oman pia. Wenyewe Maskati wanayaita mandusi, na ukipita soko la Mutrah utayaona yamepangwa tangu yale makubwa hadi ya kushika mkononi. Wauzaji wa hapa hutaja majina matatu: Surati, Bombei na Shirazi. La Surati huwa limejaa njumu na bati za shaba zilizotobolewa mapambo. La Bombei hujulikana zaidi kwa nakshi za kuchongwa kwenye mbao, shaba ikiwa kidogo. Usiyaamini sana majina hayo. Ni lugha ya dukani, na kasha likipewa jina bei hupanda.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 familia nyingi ziliondoka Unguja na vyombo vya ndani vikahama mikono, vingine mara nyingi. Ndiyo maana historia ya kasha ni vigumu kuipata kamili, na ndiyo maana muuzaji yeyote anaweza kukwambia lilitoka jumba la Sultani.

Mafundi wa Unguja na Lamu bado wanatengeneza makasha mapya, mara nyingi kwa mninga, mvule au mbambakofi. Sioni ubaya wowote kununua jipya. Fundi mzuri atakutengenezea kwa kipimo cha chumba chako, na hutalala na wasiwasi wa wadudu. Ubaya ni kulipia jipya kwa bei ya la zamani.

Kuna masanduku ya mti wa kafuri yaliyotoka China, yamechongwa majahazi na mianzi, na ukifungua kifuniko harufu inakupokea. Kuna mabweta ya sandali kutoka India. Halafu kuna vijaluba vya shaba na vya fedha ambavyo wazee walitilia uraibu wao: popoo, katu, chokaa, tumbaku, na majani ya tambuu pembeni kwenye sinia. Kwa mwenye nyumba ndogo na mfuko mwembamba, vijaluba ndiyo pa kuanzia. Havichukui nafasi, na mtu akikosea kimoja hajafilisika.

Kulikagua

Nenda mchana, maana maduka mengi ya Mji Mkongwe yana kiza. Chukua tochi, kisumaku kidogo na tepu ya kushonea. Usianze mbele, kwani mbele ndiko muuzaji alikopangusa. Mwombe msaidiane kulisogeza kutoka ukutani, uanze nyuma.

Nyuma ya kasha la zamani kwa kawaida hakuna njumu. Lilitengenezwa likae ukutani, na fundi hakupoteza shaba pasipoonekana. Utaona mbao tupu, zimeparara, labda na alama za tezo au mistari ya msumeno wa mkono iliyonyooka. Mistari iliyopinda kama upinde ni ya msumeno wa duara, wa mashine. Ukikuta plaiwudi, ama kasha ni jipya ama limetiwa mgongo mpya. Tazama na skrubu: zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo kasha lenye hizo si la zama za Sayyid Barghash, Sultani wa karne ya 19, au limewahi kufanyiwa matengenezo. Matengenezo si dhambi. Kasha lililoishi bila kutengenezwa ni adimu. Lakini yanapunguza bei, na hapo ndipo pa kuzungumza.

Niliwahi kumsikia muuzaji akimwambia bibi mmoja, "Hili lina miaka mia mbili, bi mkubwa." Bibi akainama, akaweka kidole kwenye bawaba. "Na hii skrubu nayo, mwanangu, ina miaka mia mbili?" Kijana akacheka mwenyewe, na bei ikashuka bila maneno mengi.

Geukia njumu. Sumaku hainasi kwenye shaba. Ikinasa kwenye kichwa cha njumu, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Jaribu njumu za pande zote, si moja tu, kwa sababu wapo wanaochanganya. Halafu piga tochi kwa ubavu, utazame mbao zinazozizunguka. Shaba iliyokaa miaka mingi kwenye mbao huacha kijiduara cheusi au cha kijani kuzunguka kila msumari. Rangi hiyo ni vigumu kuigiza kila mahali. Na ukiona matundu ya misumari yasiyo na msumari, yanayofuata umbo jingine la mapambo, jua shaba iliyopo sasa siyo ya kwanza.

Mbao hunywea kwa upana, si kwa urefu. Kifuniko cha ubao mmoja mpana, kikiwa kimeona miaka mingi, huwa na ufa unaofuata nyuzi za mti au kimejikunja kidogo. Kifuniko kilichonyooka kabisa na kinachobana vizuri pande zote kinataka maswali. Uchakavu nao una pahala pake: ukingo wa kifuniko panaposhikwa, chini ya tumbuu kufuli linapogonga, miguuni, kwenye vishikio. Kasha lililochakaa sawasawa kila upande limechakazwa na mtu mwenye msasa. Nusa ndani. Mbao za zamani zina harufu ya vumbi, ya nguo, ya kafuri kama ni za kafuri. Harufu ya kiwi ya viatu au ya vanishi inakwambia nani alikuwa nalo juzi.

Sehemu ninayoipenda mimi ni kijisanduku cha ndani. Makasha mengi ya njumu yana kijisanduku chembamba kimejengwa juu ya upande mmoja wa ndani, na kifuniko chake. Watu walitia vito na pesa humo. Mara nyingine chini yake kuna saraka za siri. Pima kwa tepu kina cha kijisanduku kwa ndani, halafu pima kwa nje kutoka juu hadi pale ubao wake unapoishia. Vipimo vikitofautiana sana, kuna nafasi iliyofichwa. Jaribu taratibu kuuvuta juu ubao wa mbele wa kijisanduku. Mara nyingi ndio unaoteleza. Usitumie kisu wala bisibisi. Ukikataa, uache mpaka ufike kwa seremala unayemwamini. Na tafadhali fanya hivi baada ya kununua, si mbele ya muuzaji.

Mwisho tazama chini ya kasha na kwenye pembe kwa ajili ya wadudu. Matundu madogo meusi yasiyo na unga ni ya zamani. Tundu lenye unga mpya wa rangi ya maziwa, au unga uliomwagika sakafuni chini yake, maana yake wenyewe bado wamo.

Pembe na ng'amba

Baadhi ya mabweta ya India, hasa yale ya kazi ya Bombay na Surat yaliyojazwa vipande vidogo vidogo vyenye umbo la nyota, yamepambwa kwa pembe za ndovu, mpingo na madini. Mengine yamefunikwa magamba ya kasa ng'amba. Ni kazi ya ajabu, lakini mimi siyanunui, na wewe ninakushauri usiyanunue, hata ukiambiwa ni ya karne iliyopita. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilifungwa kwa uamuzi uliopitishwa mwaka 1989 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na sheria za nchi zetu ni kali zaidi ya hapo. Ukitaka kutofautisha, mfupa wa kawaida una vijidoa au vimistari vyeusi vya matundu ya mishipa. Pembe ya ndovu ikikatwa kwa mkingamo huonyesha mistari laini inayopishana. Usipoweza kutofautisha, rudisha kitu mezani.

Likifika nyumbani

Kabla ya yote, pima ngazi. Wa Michenzani wenzangu wananielewa. Pima kasha pamoja na vishikio vyake, pima kona ya ngazi na mlango wa chumba, maana kasha la msaji likikwama ghorofa ya tatu utalipa wachukuzi mara mbili. Libebwe kwa chini, kamwe si kwa vishikio. Vile vishikio vya pembeni vilishikwa na misumari ya zamani hizo.

Usiliingize chumbani siku ileile. Liache ukumbini, mbali na fanicha nyingine, utandike karatasi nyeusi chini yake na ndani yake. Likae hivyo wiki kadhaa. Unga ukionekana juu ya karatasi, una wageni. Kijaluba au bweta dogo la mbao tupu linaweza kutibiwa bila dawa: lifunge kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, toa hewa, litie kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, likae wiki mbili. Ukilitoa usifungue mfuko mpaka lipate joto la chumba, la sivyo maji yatatua juu ya mbao. Usifanye hivyo kwa bweta lenye vipande vilivyogundishwa au rangi ya kung'aa, baridi hubandua. Kasha kubwa lenye wadudu hai linahitaji fundi mwenye dawa ya mbao. Wapo wanaomwagia mafuta ya taa. Hao huwa hawana kanga za kutia ndani, maana harufu ile haitoki, na juu ya hapo umeweka kitu cha kushika moto chumbani.

Anayekaa nyumba ya chini ana mchwa pia wa kufikiria. Liinue kasha juu ya vigogo au matofali, na liache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, hewa ipite na ufagio upite.

Kusafisha

Hapa ndipo makasha mengi yanapouawa, tena kwa upendo. Bibi zetu walisugua masinia kwa ukwaju, ndimu na chumvi, au jivu, na sinia liliwaka. Sinia halina mbao. Ukifanya hivyo juu ya kasha, ile asidi inapenya chini ya vichwa vya njumu, inakula misumari na kutia mbao madoa yasiyotoka. Dawa za kopo za kung'arishia shaba nazo huacha unga mweupe kuzunguka kila njumu, na ukishakauka utauchokonoa kwa kijiti mpaka uchoke.

Anza na brashi laini ya rangi iliyo kavu, uondoe vumbi kwenye nakshi. Kisha kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa sana, pitisha mara moja, fuata na kikavu papo hapo. Kwa siku nyingi hiyo inatosha. Kama ni lazima shaba ing'ae, chukua kadi nene, toboa tundu la ukubwa wa kichwa cha njumu, ivalishe njumu, sugua kidogo kwa kitambaa, kadi ikinge mbao. Ni kazi ya jioni nyingi. Mimi nashughulikia tumbuu na bati la kati tu, zilizobaki naziacha na giza lake, na kwa macho yangu kasha linapendeza zaidi hivyo.

Mbao zipake nta ya nyuki, kidogo mno, kwa kitambaa, uisugue ikauke. Mafuta ya nazi usiyatumie. Hayakauki, yatakamata vumbi la barabara ya Michenzani lote. Vanishi sisemi. Bawaba ikilia, tia nta au ncha ya penseli.

Kulipatia kazi

Ndani ya kasha la nguo natandika marekani iliyofuliwa mara mbili ili wanga wake utoke, kwa sababu wanga ni chakula cha wadudu. Kanga zinakaa kwa doti, na kila nikifungua nazikunja upya kwenye mstari tofauti, zisikatike pindoni. Dawa ya nondo ile ya vidonge vyeupe siitaki. Harufu yake humfuata mtu hadi harusini. Natumia karafuu kavu zilizofungwa kwenye kifuko cha bafta, kimoja kila pembe, na majani makavu ya mwarobaini chini. Karafuu zisiguse nguo moja kwa moja, mafuta yake yanatia doa. Zikipoteza harufu nabadilisha, na Unguja karafuu haikosekani.

Nguo zikifukizwa udi, ziache zipoe kabisa ndipo zitiwe. Asmini na langilangi mbichi usizifungie ndani, hata kama ni za kumfurahisha bibi harusi. Zina maji, na maji yakifungiwa huzaa ukungu. Siku ya jua na upepo mkavu nafungua kifuniko asubuhi hadi adhuhuri, kasha likiwa kivulini. Juani mbao zinapasuka.

Nyaraka ni jambo jingine. Mbao, hasa za harufu kama kafuri na sandali, hutoa mvuke unaogeuza karatasi na picha rangi. Vyeti vyangu viko ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kitambaa, ndipo ndani ya bweta. Picha za zamani haziguswi na ubao.

Vijaluba vya uraibu vitafaa kwa sindano, vifungo, pete, funguo. Visirudishiwe chakula. Ile kutu ya kijani ya shaba ni sumu, na mabaki ya chokaa ndani yake hayasafishiki vizuri. Kijaluba cha fedha kisitiwe mipira ya kufungia. Mpira una salfa na fedha itakuwa nyeusi. Uzi wa pamba hauna neno. Nyumba zenye zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, kama zile za zamani za Lamu, zina bahati, kwani kidaka ni pahala pa kijaluba hasa. Sisi wa ghorofani tunapiga kibao kimoja ukutani, juu ya cherehani.

Na mikebe msiidharau. Ule wa buluu wa biskuti za Denmark, ambao mtoto hufungua kwa furaha akakuta nyuzi, unafanya kazi ileile. Mikebe ya miaka mingi ifutwe kwa kitambaa kikavu tu, kwani picha zake zinatoka kwa maji na sabuni. Isitiwe vyakula, rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi.

Wenye watoto, sikilizeni hili. Vifuniko vya makasha ni vizito na havina cha kuvizuia. Mwambie fundi afunge mnyororo ndani na kigingi kidogo cha mbao kinachozuia kifuniko kufunga kabisa, na kufuli litolewe. Mtoto akijificha humo, tumbuu ikajifunga, hamtamsikia.

Kila kasha lenye kazi nyumbani kwangu lina kadi ndani: nilinunua wapi, muuzaji alisema nini, nilikuta nini mwenyewe, nani alilitengeneza bawaba. Aliyosema muuzaji na niliyoyaona mimi yana mistari yake mbalimbali.

Wenye ndugu nje watakuja kuombwa kasha. Angalia sheria kabla ya kufunga mzigo. Kenya, kwa sheria ya urithi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na hakitoki bila kibali. Huku kwetu ulizia ofisi ya makumbusho na mambo ya kale kabla hata hujalipa, na ukitoa jipya, toka na risiti ya fundi aliyelitengeneza, maana forodhani nalo litaulizwa umri. Binamu yangu wa Maskati ananitaka nimpelekee lile la Surati. Nimemwambia kibali akifuatilie yeye, na kanga atafute pa kunihamishia.